Bledi ya Kukatia Kitanda cha Neema

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimechota maji, nimefagia karakana. Wenyewe wamelala. Baadaye mwanangu Dominiki ameshusha mbao za mninga nilizoziweka juu ya jiko, kwenye moshi, tangu baba yake yuko hai. Za kitanda cha mjukuu wangu Neema, anaolewa Inyonga. Nyingine hakuna. Zikiharibika ataondoka na kitanda cha dukani. Aibu yangu.

Jumanne, 7 Oktoba
Dominiki amekata ubao wa kwanza kwa msumeno wa meza. Kichwa cha ubao kama kimetafunwa na panya. Nimeumia moyo. Ametumia bledi ya kupasulia, meno machache makubwa. Ati mbao za moshi ni ngumu, zinataka meno makubwa. Kupasua kwa urefu, sawa. Kukata kwa kukingama, inang'oa nyuzi. Mbishi kama baba yake.

Jumatano, 8 Oktoba
Karudia tena bledi ile ile. Kipande kimebanwa, kimeruka, kimepita karibu na tumbo lake, kimegonga bati. Halafu anacheka. Nimemzimia mashine, nikamwambia afungue bledi anipe. Nimeiweka chini ya kigoda nikaikalia. Hakati mtu.
Neema akapita: "Bibi, utaangua nini hapo?"
Mtoto hana adabu. Lakini nimecheka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bado nimekalia. Mgongo unauma. Nimemwambia Dominiki tukanunue bledi ya kukatia, kaenda zake. Ubao mmoja zaidi ukiharibika, mbao hazitoshi kitanda. Sisogei.

Ijumaa, 10 Oktoba
Asubuhi amesema, "Haya mama, twende." Tumepanda bodaboda mpaka Mpanda mjini, bledi ya zamani kwenye kiroba. Muuzaji akaleta kubwa inayong'aa. Nimekataa. Upana uwe kama wa ile, na tundu la katikati likae sawasawa. Hapo Dominiki akaamka, akauliza kasi iliyoandikwa kwenye bledi, isiwe chini ya kasi ya mashine yetu. Kumbe anajua, uvivu tu. Tumechukua ya meno mengi madogo, ncha zimekatwa mshazari, moja huku moja kule. Hiyo inakata nyuzi kwanza, haing'oi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Amejaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Ameshusha bledi mpaka meno yachungulie kidogo tu juu ya ubao. Ubao ameuegemeza kwenye kigari cha mbao kinachoteleza juu ya meza, ule ukingo wa pembeni wa kuongozea ubao ameuondoa, ndio uliobana kipande Jumatano. Akasukuma taratibu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, kichwa cha ubao laini, mistari ya mninga yote inaonekana. Mbao zimetosha. Nimemwambia sio mbaya. Asivimbe kichwa.

Jumapili, 12 Oktoba
Tumetoka kanisani. Ugali, mlenda, samaki. Neema kalala kwenye fremu ya kitanda, bila godoro, kasinzia. Dominiki amemega ugali, nimetazama mkono wake. Vidole vyote vipo. Nimemwongezea samaki.