Nyekundu ya Ramani ya Nne

Papa Donatien,

Ni mimi, mwanafunzi wako mzee kuliko wote. Yule Mtanzania mwenye kitambi uliyempokea akiwa na miaka arobaini na tatu, baada ya kushindwa kuuza viatu mtaani Yeoville, ukamwangalia juu mpaka chini na kusema, "Weye, hata fremu ya picha itakuogopa." Bado nipo hapa Troyeville, kwenye meza yako, na beseni lako la kuoshea karatasi kuukuu. Mwaka umepita. Chumba cha pili sasa wanasuka nywele. Redio yao ungeipenda. Gundi ninayopika ungeimwaga.

Nina habari mbaya, Papa, na ubaya wake umetoka mikononi mwangu.

Unazikumbuka ramani nne za mteja wetu, bibi wa mtaa wa Bez Valley, alizoachiwa na marehemu mumewe? Charleston, mji wa bandari wa Marekani, enzi za Waingereza. Ya kwanza mji mdogo umezungukwa na ukuta, kati ya mito miwili. Ya nne ukuta haupo tena, mji umevimba, nyumba zimepakwa rangi nyekundu, na gati zimechomoza majini kama meno ya kitana. Ulikuwa unaweka kidole kwenye zile gati, bila kuigusa karatasi, na kusema, "Hapa ndipo walishusha watu wetu, wakiwa na minyororo." Kisha unaniuliza kama chai iko tayari.

Ulipolazwa uliniachia zote nne. "Kila rangi, kila karatasi, pamba yenye maji kwenye kona. Ikiacha alama kwenye pamba, usioshe." Uliyarudia hayo mara tatu, kwa kuwa ulinijua. Niligusa nyekundu ya ramani ya kwanza, ikatulia. Ya pili ikatulia, ya tatu vilevile. Ya nne nikajiambia, si nyekundu ni nyekundu tu? Nikailaza kwenye beseni, nikageuka kujibu simu.

Niliporudi mji ulikuwa umeingia baharini. Nyekundu yote ilikuwa imetoka kwenye nyumba, ikapita juu ya gati, ikatanda bandari nzima. Sitakuambia ilifanana na nini. Wewe ndiye uliyekuwa na kidole pale.

Jioni ile nikaja hospitali na ndizi. Ulikuwa umekonda mpaka miwani yako ilionekana ya mtu mwingine. Ukaniuliza jambo moja tu: "Na nyekundu ya ile ya nne, uligusa?"

Nikasema, "Niligusa, Papa. Pamba imetoka safi."

Ukafumba macho. "Basi, mi nalala."

Hukuamka. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikupa usingizi mzuri. Mimi ni hodari sana wa kujiambia mambo.

Lakini hilo ni dogo. Unajua sheria yako ya penseli: aliyeosha karatasi anaandika nyuma yake alichofanya, na herufi za jina lake, ili hata ikipita miaka mia ijulikane ni mkono wa nani. Zile tatu safi nilizisaini siku ileile kwa herufi zangu, kubwa kubwa, kama mtoto wa shule. Ya nne niliiacha ikauke. Siku tuliyotoka kukuzika nikaiondoa chini ya vizito vya kunyooshea karatasi, nikaigeuza, nikaandika herufi zako.

Bibi alipokuja aliigeuza kama ulivyomfundisha. Akasoma. Akatikisa kichwa. "Shame, maskini mzee wa watu. Nilijua mikono yake imeanza kutetemeka." Mimi nikainamisha kichwa kama mfiwa. Eish, niliigiza vizuri.

Akaenda kumpa pole mkeo, Mama Béa, na huko akamsimulia, kwa huruma tu. Wiki iliyofuata mkeo alikuja hapa na bisibisi, akakifungua mwenyewe kibao chenye jina lako pale mlangoni, akakifunga kwenye kitenge akaondoka nacho. Alisema hataki watu wakucheke. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Jumapili iliyopita, kwenye chakula baada ya ibada ya kutimiza mwaka wako, akasimama mbele ya watu wote wa kanisa. "Afadhali Mungu alimuchukua mbele ya kujua mikono yake imemusaliti." Wanawake wakaguna kwa uchungu. Mimi nilikuwa na tonge la bukari, ule ugali wake, mkononi. Nikalimeza.

Jumanne nikaenda Bez Valley kukiri. Nilijifunga tai. Bibi alinisikiliza, akacheka, akanimiminia chai. "Marehemu haumii tena. Wewe bado unahitaji wateja. Tuache ilivyo." Akaniletea ramani ya tano, ya bandari ileile. Na mimi, mtu mzima, nikasema asante! Iko hapa mezani ninapoandika. Ina nyekundu. Sijaigusa.

Sasa sikiliza nitakachofanya. Hii ya tano inarudi kwake kesho, kavu kama ilivyokuja. Nitamwomba anifungulie fremu ya ile ya nne. Herufi zako nitazifuta, niandike jina langu lote, na chini yake: hakugusa rangi. Jumapili nitasimama mbele ya watu walewale, bukari ikiwa haijaletwa, nimwambie Mama Béa. Bibi simwogopi sana. Mama Béa namwogopa kweli. Akinifukuza nitaondoka, lakini kwanza nitamwomba kibao chako nikirudishe mlangoni, na safari hii ngazi nitaipanda mwenyewe.

Kwa hiyo samahani, Papa, nakuamsha kidogo. Uliniuliza swali, nikakujibu uongo. Ile ya nne sikuigusa.

Sasa unajua. Lala.

Mwanafunzi wako,
Yusufu