Maneno ya Nyirakabuye Mwambani

Kanzenze, 6 Juni 2023

Mpendwa Diane,

Salamu nyingi. Hujambo huko Mbugangari, na kifua chako kimepona? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Nakuandikia kwa karatasi na kumtuma Janvier wa pikipiki, kwa sababu simu nilikuwa nikichaji kwa jirani yangu Sano, na siku hizi siendi kwake.

Jumapili watu wa hapa walikuja kanisani kwenu wakaona mchezo wa kuigiza ulioandika. Wamerudi wakisema Nyirakabuye alikuwa mchawi, ndiye aliyeuita moto wa volkano uteremke mlimani. Diane, hadithi hiyo nilikupa mimi. Na kila mtu hapa anajua Nyirakabuye ni bibi wa ukoo wetu. Jana bombani wanawake waliondoa ndoo zao nilipofika, na mchana mtu alirusha mawe juu ya bati langu.

Naogopa, mwanangu.

Shangazi yako,
Illuminée

Mbugangari, 8 Juni

Shangazi mupendwa,

Nakusalimia sana. Kifua imepona, lakini tangu nisome barua yako sili muzuri.

Donc nikuambie ukweli. Mi niliandika vile ulinielezea. Damascène, kiongozi wetu wa michezo, alisema kanisa haiwezi kukubali mwanamuke wa zamani aombe kwenye jiwe na Mungu amusikie. Alitaka nimufanye muchawi, na moto izimishwe na kwaya. Niliogopa atanifukuza kwenye kikundi, nikabadilisha. Nilifikiri ni muchezo tu.

Sasa Jumapili hii wanakuja kuicheza kwenu, na mi ndiye Nyirakabuye. Ufunge mulango, usitoke.

Mutoto wa kaka yako,
Diane

Kanzenze, 10 Juni

Diane mwanangu,

Nashukuru umepona. Huku hali imezidi. Mtoto wa Sano ana homa, leo siku ya tatu. Sano alisimama barabarani, hakuingia uani, akaniuliza, "Mama, umemfanya nini mtoto wangu?" Miaka kumi na moja tumeazimana hata chumvi. Nilimwambia tu ampeleke kituo cha afya, akaondoka.

Usiukatae mchezo, watasema mimi nimekufunga mdomo. Ila kumbuka nilivyokusimulia. Moto ulikuwa unateremka, watu wamekimbia, naye alibaki na mama mkwe asiyeweza kutembea. Alimwaga maziwa mwambani kwa kuwa hakuwa na kingine, akamwambia Mungu, "Imana, naogopa. Nitazame." Basi. Alitetemeka mpaka kibuyu kikamponyoka.

Siku hizi kila anayesimulia ya zamani husema mwenye imani haogopi kitu, na anayeogopa ana shetani. Mmemwondolea Nyirakabuye hofu yake, na imani yake imeondoka nayo.

Shangazi yako

Mbugangari, 12 Juni

Shangazi,

Uko muzima? Napiga simu yako, haiingii.

Jana, wakati wa kuita moto, nilimuona Sano amekaa mbele na mutoto mugongoni. Yale maneno ya kuita moto sikuyasema. Nilipiga magoti, nikamwaga maziwa, nikasema maneno vile ulinifundisha. Sikuwa naigiza, shangazi, nilikuwa natetemeka kweli. Kwaya haikujua iingie wapi. Damascène alinishika mukono akanitoa mbele ya watu wote, na leo asubuhi ameniandikia nisirudi tena.

Kutoka pale nilikuja kwako. Nilipiga hodi, nikaita, hakuna mutu alijibu. Nijibu hata neno moja.

Mutoto wako,
Diane

Kanzenze, 21 Juni

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa kimya changu. Ulipopiga hodi nilikuwa ndani. Niliisikia sauti yako, nikadhani waliorusha mawe wamekuleta ili nifungue. Nilikaa sakafuni mpaka pikipiki ikaondoka. Nisamehe.

Siku nne sikutoka. Ya tano Sano alikuja peke yake. Akiwa nje ya mlango alisema mtoto amepona, ilikuwa malaria. Kisha akauliza kama maneno yako yalikuwa ya mchezo au ya kweli. Nikamwambia hayo ndiyo ninayoyasema mimi tangu Jumapili. Halafu nikamsikia huko nje akiyasema polepole, kama mtu anayejifunza. Nikamfungulia.

Wengine bado hawanisalimu, na jana jiwe lingine limeanguka batini. Njoo Jumamosi. Ukifika, niite kwa nguvu, nami safari hii nitafungua.

Shangazi yako,
Illuminée