Hadithi Isiyo na Funzo

Kibeta, Bukoba
9 Februari 2025

Mjukuu wangu Joyness,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa bibi yako Edvina. Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi hayanisikilizi. Nyie huko shuleni Muleba mnaendeleaje? Chakula mnashiba?

Bahasha hii nimempa mama yako akuletee. Ndani kuna hadithi tatu za kitabu changu cha kuchekesha watoto. Miaka yote ya ualimu wangu, nikiingia darasani watoto walinyamaza. Sasa nimestaafu, nataka kitabu kimoja tu cha kuwafanya wacheke. Mhariri wa Dar es Salaam anakisubiri kabla ya Juni. Wasomee wenzako bwenini, uniambie ukweli.

Babu yako,
Audax


Muleba
23 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Mpe Bibi shikamoo yake pia. Mimi mzima, na tunashiba, ila ni maharage tu kila siku.

Umetaka ukweli. Niliwasomea Jumamosi baada ya kufua. Kwenye ile ya sungura mvivu Nasma alisinzia. Kwenye ile ya mtoto asiyenawa mikono, Felicitas aliuliza kama ni tangazo la kipindupindu. Babu, unaanza vizuri, halafu unakumbuka kwamba wewe ni mwalimu. Mwishoni unaandika "Funzo" na kulipigia mstari kwa rula. Nani atacheka mbele ya rula?

Mjukuu wako,
Joyness


Kibeta
10 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimechoka, na usiulize kama ni mwili.

Hadithi nimezichana. Huyo mhariri naye kanipigia simu, anataka funzo liwe refu zaidi. Wewe hulitaka, yeye anataka la ukurasa mzima. Nimsikilize nani?

Na nyumbani hakuandikiki. Yule jogoo wetu alikuwa anawika dirishani kila nikishika kalamu, nikalalamika wiki nzima. Basi Jumapili, baada ya ibada, kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mzee Rwegasira akanyanyua jogoo mmoja safi, manyoya yanang'aa. Nikasema leo nimfurahishe Edvina. Nikataja bei. Bibi yako, yuko kwenye kwaya, akanipungia mkono. Nikaona ananitia moyo, nikapandisha. Akapunga mikono miwili. Nikapandisha tena. Kanisa zima likawa linanitazama, nami nikajua wanashangaa ukarimu wangu.

Nyumbani nilipomfungua kamba, jogoo akaenda moja kwa moja jikoni, akapanda juu ya gunia la maharage analolalia siku zote. Bibi yako ndiye aliyemtoa sadaka, kimya kimya, ili mimi niandike kwa amani. Alimwogesha kwanza. Kwa sabuni yangu.

Sasa niambie, katika nyumba kama hii mtu anaandikaje vichekesho?

Babu yako,
Audax


Muleba
16 Machi 2025

Shikamoo Babu,

Hatujambo, ila mbavu zinatuuma. Niliwasomea barua yako. Nilipofika kwenye mikono miwili, Felicitas alianguka kitandani. Matroni alikuja kutugombeza, akaichukua barua, akaisoma amesimama, akaenda kucheka koridoni. Babu, hadithi ndiyo hiyo. Iandike hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Joyness


Kibeta
24 Machi 2025

Joyness,

Hujambo.

Mimi ni mzee wa kanisa. Barua ile niliiandika kwa hasira, si kwa bweni, wala si kwa matroni. Nilihangaika na sungura mwaka mzima hamkucheka, mnachekea aibu yangu. Nimeumia. Usiniandikie tena habari za jogoo.

Babu yako


Muleba
18 Mei 2025

Shikamoo Babu,

Natumaini magoti hayajambo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Machi, hujajibu hata moja. Mama anasema unaandika mchana kutwa na hutaki kuulizwa.

Nisamehe kwa kuwasomea wenzangu barua ile bila ruhusa yako. Lakini kucheka siwezi kuombea msamaha. Hatukukudharau. Felicitas hana babu upande wowote, na kila wiki ananiuliza kama wangu ameandika.

Mjukuu wako,
Joyness


Kibeta
5 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Amani kwako. Bibi yako anakusalimu, ananisubiri nimalize nikale.

Nilikiandika kisa chote: mnada, kwaya, sabuni. Mhariri akajibu kwamba amecheka mpaka machozi, na kwamba nikiongeza funzo la ukarimu kwa kanisa, kitachapwa. Nilikaa nalo siku kadhaa. Nikaandika hilo funzo, nikalisoma, nikajisikia kusinzia. Nikamjibu kwamba halipo. Mzee alinunua kuku wake, basi. Amenirudishia kitabu changu, na nisikufiche, imeniuma sana. Mwingine wa kukichapa simjui.

Nimekunakilia hadithi hiyo kwa mkono. Jumamosi mama yako atakuletea, nami nitakuja naye. Najua wanaume haturuhusiwi bwenini. Nitakaa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha lenu. Usimwambie mtu kwamba nipo. Wewe soma tu, na usome kwa sauti.

Babu yako,
Audax