Majivu kwenye Miche ya Chai

Iringa, 2 Februari 1974

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya bweni inanikumbusha ukungu wa Igowole. Baba mdogo Joachim hajambo? Na jirani yako Paskalina, najua ndiye anayekusomea hapo jikoni, naye shikamoo.

Miche yetu ya chai inaendeleaje? Siku ya mwisho, mlipokuwa kanisani, niliiachia zawadi. Sisemi nini. Ni kitu alichokuwa akifanya marehemu bibi kule Iyunga kila asubuhi, mimi nyuma yake na kikapu.

Kemia tunasoma kwa Kiingereza. Kunyoosha mkono naona haya, lakini hili nimelishika: kuna karatasi za kupimia, hata udongo. Penye uchachu karatasi inakuwa nyekundu. Uchachu ukiuawa, inakuwa bluu.

Mwanao,
Damari

Igowole, 3 Machi 1974

Mwanangu Damari,

Marahaba. Sisi wazima, miche ndiyo migonjwa. Mwandiko huu ni wa baba yako mdogo, maana Paskalina hakanyagi tena kwangu. Nilipokuwa na homa alinikorogea mbolea ya SA, akamwagilia. Haikupita wiki, tuta zima likawa manjano, sasa limekauka. Shamba letu la kwanza hilo! Nikamwambia, "Mkono wako mzito hata kwenye chumvi." Akajibu, "Kijiko kimoja kwa debe, Tupokigwe, kama tulivyofundishwa." Nikamwita mwongo pale kisimani, watu wanasikia. Miaka tisa tumechota maji pamoja.

Nakutumia udongo wa tuta ndani ya gazeti. Bwana shamba anasema SA ikizidi udongo unachacha mno. Pima, uandike ulichoona, nimwonyeshe.

Mama yako mdogo,
Tupokigwe

Iringa, 16 Juni 1974

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Miezi mitatu sijajibu, na sikuwa naumwa.

Udongo niliupima siku ile ile ulipofika. Karatasi ikawa bluu. Nikapima tena, nikitamani iwe nyekundu. Bluu.

Mama, ni mimi. Zawadi yangu ilikuwa majivu ya jiko lako, vikapu vitatu. Migomba ya bibi iliyapenda, nami nikadhani kila mmea unayapenda. Kumbe chai inataka udongo mchachu, na majivu yanaua uchachu. Asubuhi ile nilikuwa namkumbuka bibi, vumbi jeupe kwenye pindo la khanga yake, anavyoimba chinichini. Nilitaka kwako kuwe kama Iyunga.

Kila Jumapili nilishika kalamu, nikaogopa hutaniita tena mwanao. Paskalina hana kosa. Nimeandika nyuma ya bahasha: isomwe na yeye tu.

Damari

Igowole, 25 Agosti 1974

Mwanangu Damari,

Marahaba, mwanangu. Usishtuke kwa mwandiko.

Bahasha yako ilikaa darini jikoni wiki tano. Baba yako mdogo alinisomea maneno ya nyuma, akanirudishia. Kwenda kwa Paskalina siwezi, kuifungua siwezi. Mwishowe nikabeba kuku, nikaenda. Alisoma kimya, kisha akarudia kwa sauti pale penye khanga ya mama. Nikalia. Akasema, "Lia, lakini kuku simrudishi."

Mwaka wangu wa kwanza hapa, nami nilitoka na kikapu cha majivu. Mama mkwe akanishika mkono mlangoni kabla sijaifikia chai yake. Wewe hukuwa na wa kukushika, nami sikukumbuka kukuambia. Ila kunyamaza miezi mitatu, hilo tutazungumza ukifika.

Udongo ule tumeutoa wawili, tukaweka wa msituni. Mbegu mpya zimechipua. SA tunaweka nusu kijiko kwa debe, mara mbili, badala ya kijiko kizima mara moja. Kisha maji matupu ya kusuuza majani.

Likizo uje. Nyuma ya nyumba kuna mgomba mmoja, majivu nimekuwekea.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kusema.

Mama yako mdogo,
Tupokigwe

Na mimi ninayeandika naongeza langu: kilikuwa kijiko kimoja. Cha chai. Tena nilikisawazisha kwa kidole.
Paskalina