Chai ya Urongo

Bibi,

Salamu kwanza, halafu nna ugomvi na wewe. Najua watu hawamgombi marehemu. Lakini mimi na wewe tulikuwa tukigombana kila siku baada ya alasiri, na sasa mwezi wa tano huu nimekaa kimya. Inatosha.

Nasra karudi. Mjukuu wako kipenzi, aliyekwenda Taiwan kusomea uinjinia, uliyemsifu mpaka fundi wa kiyoyozi akamjua kwa jina. Mimi niliyeacha shule darasa la tisa, niliyekupeleka kliniki ya macho mtaa wa Al Khuwair na kukurejesha nyumbani Bawshar kwa gari ambayo mlango wako haufunguki mpaka upigwe goti, mimi hukunisifu kwa fundi yeyote. Sawa.

Unakumbuka alipotuma makopo ya kwanza? Akakwambia kwenye simu, "Inaitwa ulong, Bibi." Ukasema, "Urongo? Chai gani tena hiyo ya urongo?" Jina likabaki hapo hapo.

Na mrongo nilikuwa mimi. Leo nakwambia.

Nasra alielekeza: maji ya moto, majani kidogo, usitie sukari, usitie kitu chochote. Ukaniachia mimi jikoni. Basi nikaitupa ndani ya birika nikaichemsha kama mkandaa, chai yetu ya rangi ya kila siku, nikaponda iliki tatu, nikatia sukari. Wivu tu, Bibi. Nilitaka uiteme, useme, "Mudi, nipikie chai yetu."

Hukuitema. Wewe ambaye mkandaa wangu ukinywa finjani moja unaitikisa, yaani khalas, umetosheka, siku ile ulinyoosha mkono mara ya pili, na ya tatu. Hukuitikisa. Ukasema, "Huyu Nasra ana mkono mtamu." Mkono! Mtu yuko Taiwan, mkono wake umefikaje kwenye birika yangu? Na mimi, kwa upumbavu, nikaendelea kuipika vile vile miaka miwili, na sifa zikaendelea kupanda ndege kwenda kwake.

Ulipoondoka yalibaki makopo manne kabatini. Nikayafungua, nijue hasa nilikuwa nashindana na nini. Nikafuata maelekezo yake, safari hii bila ya ujanja. Majani yamejiviringa kama pilipili manga. Ukiyamwagia maji yanafunguka polepole mpaka unaona jani zima na kikonyo chake. Ile ya kijani, ya milimani, siku ya kwanza nilidhani nakunywa maji ya mchicha. Siku ya nne nikasikia asumini, na utamu ukabaki kooni bila ya chembe ya sukari. Ile nyeusi iliyokaushwa kwa moto inanukia kama ukingo wa mkate wa ufuta ulioungua kidogo. Majani yale yale unayatia maji mara tano, sita, na kila finjani inakuja na jambo lake. Sasa mimi fundi. Juzi nilimwambia Nasra maji yake yamepoa, akapima, akakuta kweli. Ungeuona uso wake.

Lakini sikuandika kwa hilo.

Ijumaa alitupikia sote, kwa kukukumbuka. Alipika sawasawa, siwezi kumtoa kosa, na nilitafuta. Shangazi Rahma, mama yake mwenyewe, akaonja akaweka finjani chini. "Siyo hii. Chai ya Bibi ilikuwa na ladha." Nasra akapika tena. Siyo. Mara ya tatu, siyo. Akasema taratibu, "Basi Bibi alikuwa akinifurahisha tu. Hakuipenda." Akakusanya vile vyombo akaingia jikoni, na nikasikia bomba linamwaga maji muda mrefu, hakuna kinachooshwa.

Nasra kashindwa mbele ya watu. Si nilikuwa naomba hivyo? Nikakaa na iliki zangu mdomoni. Nikimwambia, atajua ulikunywa majani yake kila siku na ukataka zaidi. Lakini zile iliki tatu ndicho kitu pekee chako nilicho nacho mimi ambacho yeye hana. Ana pete yako, ana kanga zako, ana dua zako zote. Na hili nimpe?

Halafu nikawaza. Wewe, uliyekuwa ukijua tokea mlangoni kama iliki ya leo ni ya kopo jipya au la zamani, hukuisikia miaka miwili? Ulijua, Bibi. Ulijua ukaninyamazia, ukamsifu Nasra huku unaniangalia. Basi mrongo mkubwa ni wewe.

Ijumaa ijayo ntaipika mimi, mbele yao wote, na yeye Nasra ndiye atakayeponda iliki. Ntamwambia yote. Majani yake, mkono wangu, nusu kwa nusu. Nusu yangu kubwa kidogo, usinibishie.

Mungu akurehemu, Bibi, akupe maji baridi huko uliko. Mimi finjani yangu bado naishika vile vile. Sijaitikisa.

Mudi wako