Paithoni ya Juu, Paithoni ya Chini

Lizaboni, Songea
12 Mei 2025

Mwanangu Leonce,

Hujambo? Mwanza mnaendeleaje? Huku wazima, ila baridi imeshafika na baba yako amelitoa lile koti lake zito, analivaa hadi mezani. Dorine na mchumba wake Joachim wanakusalimu.

Nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga, maana ukinieleza mambo ya kompyuta kwa mdomo naitikia "ndiyo, ndiyo", ukikata sibaki na kitu.

Mwenzio nimechanganyikiwa. Ile kompyuta ya mezani inayomsemea baba yako haiwezi kubebwa hadi ukumbini, kwa hiyo Joachim ameleta laptop yake. Mimi nikajua ni kuhamisha tu kwa flashi kama ninavyohamisha nyimbo za kwaya. Nimehamisha, nikabonyeza, yakatoka maandishi ya Kiingereza skrini nzima. Joachim anasema yake si Windows, ni Linux. Jamani, kompyuta si kompyuta tu?

Sendofu ya kumuaga Dorine ni tarehe 28 Juni. Tangu baba yako afanyiwe upasuaji wa koo na sauti ikaenda, huu mwaka wa saba, hajasema neno mbele za watu. Siku hiyo nataka aseme. Binti haondoki nyumbani baba yake akiwa kimya.

Mama yako,
Anjelika

Mwanza
15 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu zimebana. Mpe Baba shikamoo yake.

Pole kwa usumbufu. Ngoja nieleze taratibu. Programu za Baba nimeziandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Paithoni. Kompyuta isiyokuwa na Paithoni haizielewi, na ya Windows haihamishiki kwenye Linux kwa flashi, inabidi kuwekwa upya.

Sasa, Baba ana programu mbili. Ya kwanza niliiandika nikiwa chuo, ina maneno machache tuliyomrekodi kwa sauti yake mwenyewe kabla ya upasuaji. Hiyo inataka Paithoni ya zamani, 2.7. Ya pili nimeimaliza mwaka huu, inasoma sentensi yoyote utakayoandika. Kwa kuwa sauti ya Baba tuliyonayo haitoshi, nimetumia yangu. Hii inataka Paithoni mpya, 3.11. Mpya haiwezi programu ya zamani, na ya zamani haiwezi programu mpya. Kwa hiyo tunaweka zote mbili.

Joachim nimeshamwelekeza, ataziweka kabla hajasafiri. Wewe utabaki na kazi ndogo. Kuna faili linaitwa "version", yaani toleo. Ndani uandike hizo namba mbili, kila moja mstari wake. Ukibonyeza picha ya Baba iliyo kwenye skrini, Paithoni iliyo mstari wa juu ndiyo inayoitika, na inafungua programu yake.

Mwanao,
Leonce

Lizaboni
2 Juni 2025

Leonce mwanangu,

Salama? Huku tunavuna mahindi, mgongo wangu hauna hamu. Baba yako anakula vizuri.

Joachim ameziweka hizo Paithoni zako, kisha akaondoka kwenda Nakapanya kununua ufuta. Faili nimeliona. Nimeandika namba kama ulivyosema, nikabonyeza, ikafunguka ile ya zamani. Mpya haitoki. Nimezima, nimewasha, nimeifuta vumbi, wapi!

Kabla hujaniuliza: ndiyo, ya zamani ndiyo niliyoiweka juu. Si ndiyo kubwa? Nani anatanguliza mdogo mbele ya mkubwa wake? Kilichonichanganya ni kwamba mkubwa ana namba ndogo, lakini nikasema umri ni umri.

Nielekeze vizuri, siku zinakwenda.

Mama

Mwanza
4 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Hujambo na mgongo? Nimecheka hadi wenzangu ofisini wameniuliza kuna nini. Kosa ni langu, sikukuambia ipi ikae juu. Huko ndani hakuna shikamoo, Mama. Iliyo juu ndiyo inasikilizwa, basi. Weka 3.11 juu, 2.7 chini.

Hotuba ya Baba nimeshaiandika, iko humo humo. Ameshukuru wageni, ameshukuru wakwe, amempa Dorine wosia. Ni dakika nne hivi. Akibonyeza mara moja, inasomwa yote.

Jambo jingine halinifurahishi kulisema. Likizo wamenikatalia. Sitakuwepo. Ndiyo maana naihangaikia hii programu, angalau sauti yangu iwe pale.

Mwanao,
Leonce

Lizaboni
17 Juni 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Habari ya likizo imeniuma, nimeshindwa hata kumwambia Dorine, nimemtuma mama yako mdogo Ludovika amwambie.

Haya, sikiliza maajabu. Nimeiweka mpya juu. Ikasema! Sauti yako ikatoka pale sebuleni, nikashtuka nikageuka mlangoni. Hotuba ni nzuri, mimi nilitoa machozi. Baba yako alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda nje kupukuchua mahindi.

Kesho yake nabonyeza ili afanye mazoezi, imefunguka ya zamani. Natazama faili, 2.7 iko juu! Nikarekebisha. Kesho yake tena juu! Nikasema labda ni paka anakanyaga, nikaifungia laptop kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge. Asubuhi nafungua, mkubwa amekaa juu, ametulia zake.

Leonce, hii ni virusi au ni nini? Nimeinyunyizia maji ya baraka kidogo, kwa mbali, usicheke. Haikusaidia.

Mama yako niliyechoka,
Anjelika

Mwanza
19 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nami sasa nimechanganyikiwa kama wewe. Niliwaza labda programu inayosoma faili la "version" ina hitilafu, nikaijaribu kwangu kwenye Linux, ikafanya kazi sawasawa. Nikawaza labda laptop inajisasisha. Nimempigia Joachim, anasema alishazima hayo mambo. Hata nimeota zile namba mbili zinagombania kiti.

Faili halijigeuzi lenyewe, Mama. Kuna mtu anaigusa hiyo laptop. Ni nani mwingine hapo nyumbani? Dorine? Nakuomba umwambie aache, maana akiharibu siku yenyewe Baba ataaibika mbele za wakwe, na hilo sitajisamehe.

Leonce

Lizaboni
22 Juni 2025

Leonce,

Salamu. Mama yako yuko jumuiya, simu ameisahau kwenye kochi. Nimesoma mnayoandikiana.

Ni mimi.

Mama yako nilimwangalia mara moja akigeuza ile mistari, nikaona ni kazi ya dakika. Kabati nimelipiga mimi kwa mikono yangu, ufunguo wake wa pili ninao. Kilichoondoka ni sauti, mwanangu, akili ipo, na mikono ipo.

Hotuba yako ni nzuri kuliko ambayo ningetoa mimi nikiwa mzima, na hapo ndipo penye shida. Dorine atakaa pale mbele, atasikia kaka yake akimwita "binti yangu", na mimi nitakuwa pembeni na koti langu. Nilikasirika. Halafu nikaona haya kukasirika, kwa jinsi ulivyohangaika, ndiyo maana nikafanya kimya kimya kama mwizi. Nyote mmenishughulikia, lakini hakuna aliyeniuliza nataka kusema nini.

Ile ya zamani haina wosia wala shukrani. Ina maneno ya nyumbani tu. Lakini yametoka kooni kwangu. Niachieni hayo.

Baba yako,
Urbani

Mwanza
23 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Nilisoma ujumbe wako nikiwa kwenye ngazi za ofisini, nikakaa hapo hapo. Nisamehe. Nilikuwa natafuta anayeharibu, kumbe ni wewe unarekebisha, kila siku, na mimi kila siku namtuma Mama aharibu upya. Nakuandikia hotuba kama vile hupo!

Mama, tafadhali: 2.7 ibaki juu. Usiiguse tena. Ile mpya iacheni chini, haidhuru kitu huko.

Mwanenu,
Leonce

Lizaboni
29 Juni 2025

Mwanangu Leonce,

Umeamkaje? Sisi tumeamka na miguu imevimba, ila mioyo iko mahali pake.

Mshereheshaji alipomwita Mzee Urbani, nilishika mkono wa Ludovika hadi akalalamika. Baba yako akaiweka laptop magotini, akaisogelea maiki, akabonyeza: "Dorine."

Leonce, ile sauti! Miaka yote hii wengine walishaisahau. Dorine akaitika, "Abee, Baba."

Akatafuta kwa kidole, akabonyeza: "Umekula?"

Watu wakacheka. Dorine hakucheka. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa ajili ya lile gauni. Akasema, "Bado, Baba." Akabonyeza: "Njoo ule."

Basi mtoto akainuka kwenye kile kiti chake cha maua, akakusanya gauni lote, akashuka, akaenda kukaa karibu na baba yake. Mshereheshaji akabaki anashangaa na karatasi yake ya ratiba, maana chakula kilikuwa baada ya zawadi. Mimi nikainuka nikawapakulia ugali na kuku, wakala sahani moja, Dorine analia huku anatafuna. Wakwe nao wakaomba sahani. Ndiyo ikawa hotuba.

Asubuhi hii baba yako amekaa sebuleni na laptop, anabonyeza jina lako. "Leonce." Anasubiri, anabonyeza tena. Nimemwambia Leonce hayupo, yuko Mwanza. Ananitazama tu, anabonyeza. Kwa hiyo saa moja jioni nitakupigia. Upokee, na usianze kuongea. Nitaisogeza simu kwake.

Mama yako,
Anjelika