Mbio za Nyuma ya Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimesingizia tumbo ili nisikimbie. Wiki iliyopita kifundo cha mguu, kabla yake kichwa. Mwalimu wa michezo kasema mwili wangu unaharibika kwa zamu. Darasa zima likacheka! Nikakaa benchi na msichana mgeni aliyehamia darasani kwetu, ambaye hajapata sare ya michezo. Siogopi kukimbia. Naogopa kufika wa mwisho, wenzangu wameshakaa, wananitazama ninavyotikisika.

Jioni mama ananisuka, nikamwambia hofu yangu. Eti nisijisumbue, ukoo wetu ni mifupa mizito, hakuna aliyewahi kukimbia hata akiachwa na basi. Yeye ni msusi, anajua vichwa. Miguu sijui.

Alhamisi, 6 Machi
Mgeni kanishika mkono baada ya masomo. Twende tukakimbie nyuma ya stoo ya shule, hakuna mtu kule. Nikamwambia wazi: siku nikiwa wa mwisho, naacha.

Tukakimbia! Kidogo tu, mapafu yalitaka kutoka. Lakini kila nikigeuka, yeye yuko nyuma, anahema kuliko mimi. Raha iliyoje kuwa na mtu nyuma! Nimempa jina: Mkia. Kacheka, kalikubali.

Jumatano, 12 Machi
Tumezunguka stoo tukimsengenya mwalimu wa hesabu mpaka umbea ukatuishia. Ndipo nikashtuka — muda wote huo nilikuwa nakimbia. Mimi! Nyumbani nimekula sahani mbili. Mama kauliza nimechangamkia nini. Nikasema hakuna.

Ijumaa, 21 Machi
Makubwa! Tunatoka shule, mbwa wa fundi magari kakata kamba, huyo anatujia. Sijainua hata mguu, Mkia kashanipita, kashafika mwisho wa barabara, kashapanda ukuta. Mbwa mwenyewe alisimama kumshangaa.

Nikamuuliza, mbona kule stoo huwa nyuma yangu? Kainama. Kasema mimi ndiye niliyeapa kuacha nikiwa wa mwisho. Na shule aliyotoka alikuwa mbele siku zote, peke yake, hana hata wa kuongea naye.

Kumbe nabembelezwa kama mtoto mchanga! Nimemwacha palepale. Nimekasirika hata chai sikunywa.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeamka na hasira zangu, lakini miguu haina habari nazo. Inataka kutoka. Nikatoka. Peke yangu, mtaani, mchana kweupe! Muuza mkaa kaniuliza nani ananikimbiza. Hakuna, nikamjibu — na sikusimama. Sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, nilikuwa nakimbia tu. Nimefurahi, basi.

Nikaishia mlangoni kwa Mkia. Nikamwambia tujiandikishe wote kwa mbio za shule, na akimbie kweli. Nikikuona nyuma yangu tumegombana! Kanikumbatia, jasho na yote.

Jumamosi, 29 Machi
Naandika nimekaa kwenye nyasi, mbio zinaanza sasa hivi. Shule nzima iko hapa. Nitakuwa wa mwisho, hilo halina ubishi, wenzangu wote wamefanya mazoezi tangu mwaka jana. Naandika haraka, mwandiko wenyewe ndio huu.

Mkia kaja kuniuliza tena, una hakika? Nikamsukuma, nenda mbele huko. Kaenda, kasimama mstari wa kwanza. Sare yake mpya inampendeza, mshenzi yule.

Halafu nani yule getini? Mama! Kafunga saluni! Na mteja wake anamfuata, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, chanuo limechomekwa humo humo. Mama hajawahi kumwacha mtu na kichwa nusu! Anapiga vigelegele na mbio hazijaanza. Uwanja mzima umegeuka, unamtazama yeye, unamtazama mteja, unanitazama mimi. Nilidhani siku ya namna hii nitakufa kwa aibu. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Filimbi ya kutuita. Kamba za viatu bado. Namsikia mama akimwonyesha mteja wake kwa sauti ya sokoni: wangu yule! Yule pale, wa nyuma kabisa!

Nimempungia mkono, na — filimbi tena! Naenda.